Thomas Watson: Bucha yake ilifungwa, akajenga kampuni ya kompyuta

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wengi huanza kukuna vichwa. Kijana amefaulu kwa kiwango cha kati, hesabu na fizikia hakufanya vizuri, lakini anasema anataka kusomea kompyuta. Mzazi anauza ng'ombe, au magunia ya mahindi aliyoyahifadhi akisubiri bei ipande, analipa ada, na baada ya miezi kadhaa kijana anarudi nyumbani na cheti. Hapo ndipo swali gumu linapoanza. Awe fundi wa mashine? Awe mtengenezaji wa programu? Auze vifaa? Au awatunzie wafanyabiashara hesabu zao?

Swali hilo la kuchagua njia katika teknolojia ya habari bila kuwa na utaalamu maalumu si geni. Mtu mmoja aliyelikabili mapema ni Thomas J. Watson wa Marekani, aliyeijenga kampuni ya IBM. Hakuwa mhandisi wala mwanahisabati. Alikuwa mtoto wa mkulima, aliyewahi kuuza vinanda na cherehani kwa gari la farasi, na aliyewahi kufungua bucha ikafungwa. Maisha yake yana mengi ya kujifunza kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, yakiwemo makosa ya kuepuka.

Mtoto wa mkulima

Watson alizaliwa Februari 17, 1874 huko Campbell, katika jimbo la New York. Alikuwa mtoto wa tano na mvulana pekee, akiwa na dada wanne. Baba yake alikuwa mkulima, na pembeni alifanya biashara ndogo ya mbao. Familia haikuwa masikini wa kutupwa, lakini fedha haikuwa ya kuchezea.

Baada ya shule, kijana huyo alijaribu ualimu. Alifundisha siku moja tu, akaacha. Akaenda mji wa Elmira kusoma kozi fupi ya utunzaji wa hesabu na biashara, na hiyo ndiyo ikawa elimu yake ya juu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya karani wa hesabu katika duka la nyama huko Painted Post, kwa mshahara wa dola 6 kwa wiki.

Kukaa mezani kulimchosha. Mwaka mmoja baadaye akajiunga na mchuuzi mmoja aliyekuwa akizunguka mashambani na gari la farasi akiwauzia wakulima vinanda na piano kwa niaba ya duka la vifaa. Mwenzake alipoondoka, Watson akaendelea peke yake kwa dola 10 kwa wiki. Aliona analipwa vizuri, mpaka alipogundua kwamba kama angelipwa kwa kamisheni angekuwa anapata dola 70 kwa wiki. Kwa maneno mengine, kila wiki alikuwa akimwachia tajiri wake dola 60 kwa sababu tu hakujua kazi yake ina thamani gani sokoni. Wakulima wanaouza mazao shambani bila kujua bei ya mjini wanaelewa uchungu huo. Watson akaacha kazi, akahamia mji wa Buffalo.

Hasara mfululizo

Buffalo haikumpokea vizuri. Akiwa anauza cherehani, siku moja alifanya mauzo makubwa, akaingia kilabuni kusherehekea. Alipotoka, farasi, gari na cherehani za mfano vilikuwa vimeibwa. Akafukuzwa kazi na kutakiwa kulipia hasara. Habari hiyo ilimfuata akitafuta kazi nyingine, na inatajwa kuwa ndiyo sababu ya msimamo wake mkali juu ya pombe kazini alipokuja kuwa bosi.

Baadaye akaingia katika kazi ya kuuza hisa za chama cha kuweka na kukopa cha nyumba, akiwa chini ya mtu mmoja mwenye maneno matamu. Fedha aliyoipata akaiweka katika bucha, akiwa na matumaini ya kufungua nyingine zaidi. Kumbe yule mtu alikuwa tapeli. Alitoroka na fedha za kampuni pamoja na kamisheni ya Watson. Bucha ikakosa mtaji na ikafungwa. Watson akabaki mikono mitupu akiwa na umri wa miaka 22.

Hata hivyo, katika bucha ile kulikuwa na mashine moja aliyoinunua kwa malipo ya awamu. Ilikuwa mashine ya kuwekea fedha za mauzo, ile yenye droo inayofunguka kwa kengele na kuandika kila mauzo yanayofanyika. Mashine ya aina hiyo ilibuniwa mwaka 1879 mjini Dayton, jimbo la Ohio, na mwenye baa aliyechoka kuibiwa na wafanyakazi wake. Watson alipokwenda katika ofisi ya kampuni ya National Cash Register kushughulikia deni la mashine hiyo ili lihamie kwa mnunuzi wa bucha, akaomba kazi. Alikataliwa. Akarudi tena na tena mpaka Novemba 1896 akachukuliwa kama muuzaji mwanafunzi.

Hapa ndipo njia yake ilipofunguka, na inafaa tuangalie ilifunguka kwa ufunguo gani. Hakujua jinsi gurudumu moja la mashine ile linavyosukuma lingine, lakini alijua kitu ambacho fundi aliyeitengeneza huenda hakukijua. Alijua mwenye bucha anavyofunga duka jioni akiwa hana uhakika kama fedha iliyomo kwenye droo inalingana na nyama iliyotoka.

Shule, na kosa kubwa

Siku za mwanzo alirudi bila mauzo. Bosi wake wa Buffalo alimkemea vikali, kisha akatoka naye kwenda kwa wateja na kumwonyesha kazi inavyofanyika. Watson alijifunza haraka. Baada ya miaka michache alikuwa miongoni mwa wauzaji bora, wakati mwingine akipata dola 100 kwa wiki, na akapewa tawi la Rochester lililokuwa likisuasua.

Kampuni hiyo iliongozwa na John Patterson, mtu mkali aliyeanzisha shule ya kuwafundisha wauzaji wake wakati ambapo wengi waliamini kuuza ni kipaji cha kuzaliwa. Kutoka kwake Watson alichukua wazo kwamba mtu asiye na utaalamu anaweza kufundishwa akauza mashine yenye utata, mradi aelewe shida ya mteja.

Lakini alichukua na ubaya. Mwaka 1903 alipewa fedha za kampuni kwa siri afungue biashara ya mashine zilizotumika, akijifanya mfanyabiashara huru. Kazi yake ilikuwa kuuza kwa bei ya chini mpaka wapinzani wafilisike. Serikali ya Marekani ikaja kuwafikisha mahakamani Patterson, Watson na maofisa wengine wa kampuni kwa sheria ya kuzuia ukiritimba. Februari 1913 walipatikana na hatia, na Watson akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Alikata rufaa.

Aprili mwaka huo alimwoa Jeanette Kittredge. Kabla mwaka haujaisha Patterson alikuwa amemfukuza kazi. Watson alikuwa na umri wa miaka 39, ana mke mjamzito, hana kazi, na kifungo kinamsubiri.

Saa, mizani na kadi

Mei 1, 1914 alipata kazi katika kampuni iliyoitwa Computing-Tabulating-Recording, iliyoundwa mwaka 1911 na mfanyabiashara Charles Flint kwa kuunganisha kampuni ndogo. Ilikuwa mchanganyiko wa ajabu, yenye madeni makubwa. Sehemu moja ilitengeneza saa za kurekodi muda wa wafanyakazi kuingia na kutoka kazini. Ya pili ilitengeneza mizani za dukani zinazokokotoa bei, pamoja na mashine za kukatia nyama. Ya tatu ilitengeneza mashine za kuhesabu kwa kadi za matundu.

Baadhi ya wakurugenzi walikuwa na wasiwasi wa kumkabidhi kampuni mtu mwenye hukumu ya jela, hivyo alianza kama meneja mkuu. Mwaka 1915 mahakama ya rufaa ilibatilisha hukumu ile, naye akafanywa rais wa kampuni.

Sasa ilimbidi achague, maana fedha haikutosha kuendeleza sehemu zote tatu kwa nguvu sawa. Kama angefuata uzoefu wake, angechagua mizani na mashine za nyama. Alikuwa amefanya kazi katika duka la nyama, akamiliki bucha, na kwa miaka 17 akawauzia wenye maduka. Mashine za kadi hazikuwa tegemeo kubwa la kampuni wakati huo, na yeye hakuwa na utaalamu nazo. Lakini miaka ilivyopita, nguvu nyingi zaidi alizielekeza huko.

Ili kuelewa sababu, ni lazima tujue mashine hizo zilivyofanya kazi. Zilibuniwa na Herman Hollerith, aliyesomea uhandisi wa madini na baadaye kufanya kazi katika ofisi ya sensa ya Marekani. Sensa ya mwaka 1880 ilihesabiwa kwa mkono na ilichukua miaka mingi kukamilika. Hollerith akabuni kadi ya karatasi ngumu ambayo kila tundu lake lilikuwa na maana. Tundu mahali hapa ni mwanamke, mahali pale ni umri fulani, pengine ni kazi anayofanya. Kadi ikiwekwa kwenye mashine, sindano zinapita penye tundu tu, zinagusa zebaki chini, umeme unapita na kihesabio kinasogea hatua moja. Sensa ya mwaka 1890, iliyohesabu watu zaidi ya milioni 62, ilifanywa kwa mashine hizo.

Kwa mfano wa karibu, chukulia chama cha msingi kinachonunua pamba. Kila mzigo unaopimwa unapata kadi yake yenye matundu ya namba ya mkulima, kilo, daraja na tarehe. Ukitaka kujua kila mkulima anadai kiasi gani, unazipanga kadi kwa namba za wakulima na kujumlisha. Ukitaka kujua daraja la kwanza lilikuwa kilo ngapi, unazipanga kadi zile zile upya. Taarifa inaandikwa mara moja na kutumika mara nyingi. Hilo ndilo wazo ambalo hata kompyuta za leo zinalitumia.

Mizani inapima mzigo mmoja na kazi imekwisha. Lakini reli, kampuni za bima, viwanda na serikali vilikuwa vikikua, na kila vilipokua makaratasi yaliongezeka. Watson, aliyeanza kama karani wa dola 6 kwa wiki, aliijua adha ya madaftari. Aliichagua njia ambayo mahitaji ya wateja yalikuwa yakiongezeka kila mwaka, ingawa mashine zenyewe hakuzijua.

Pengo la utaalamu alilijaza kwa watu wengine. Mwaka 1917 alimwajiri mhandisi James Bryce, ambaye alikuja kuwa na mamia ya hataza za uvumbuzi kwa jina lake. Yeye mwenyewe aliendelea kuwasikiliza wateja na kuwapelekea wahandisi wake shida zao.

Kukodisha badala ya kuuza

Mchumi anayesoma habari za kampuni hii atavutiwa na jambo moja. Mashine za kadi hazikuuzwa, zilikodishwa kwa malipo ya kila mwezi. Mteja hakuhitaji mtaji mkubwa kuanza, na matengenezo yalikuwa juu ya kampuni. Aidha, kila mteja alihitaji kadi mpya, na kadi alizinunua huko huko. Hivyo mauzo yalipodorora, kodi na fedha za kadi ziliendelea kuingia. Tofauti yake ni sawa na ile ya mfugaji anayeuza ng'ombe wa nyama na yule anayeuza maziwa kila asubuhi.

Mwaka 1924 jina la kampuni lilibadilishwa kuwa International Business Machines, yaani IBM. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, viwanda vingi vilifunga milango. Watson aliendelea kutengeneza mashine na kuziweka ghalani, jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu. Mwaka 1935 Marekani ikapitisha sheria ya hifadhi ya jamii, na ghafla serikali ikahitaji kutunza kumbukumbu za wafanyakazi wapatao milioni 26. IBM ndiyo iliyokuwa na mashine tayari. Tusimsifu kupita kiasi hapa, kwa sababu hiyo ilikuwa kamari, na sheria ile ingechelewa ingeweza kuimaliza kampuni.

Jambo lingine ni mafunzo. Katika mji wa Endicott alijenga shule ya kampuni, ambako wauzaji na mafundi walifundishwa kwanza ndipo wapelekwe kwa wateja. Mwaka 1935 ilichukua kundi la wanawake waliomaliza vyuo, ikawafundisha kuwasaidia wateja kupanga kazi za mashine. Ni kweli kwamba mtu aliweza kuingia bila utaalamu, lakini hakuna aliyeruhusiwa kubaki hivyo.

Mizani je? Baadaye IBM iliiuza sehemu hiyo kwa kampuni nyingine. Mwenye bucha wa zamani aliachana na vifaa vya bucha.

Doa

Maisha ya Watson yana doa ambalo halifai kufichwa. IBM ilikuwa na kampuni tanzu nchini Ujerumani, na mashine zake zilitumiwa na serikali ya Hitler, ikiwemo katika sensa. Mwaka 1937, akiwa rais wa Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, Watson alikwenda Berlin na kupokea nishani ya serikali hiyo. Aliirudisha mwaka 1940, wakati vita ilikuwa imeshaanza. Wanahistoria wanaendelea kujadili alijua kiasi gani na alipaswa kufanya nini. Mashine inayohesabu watu haina macho ya kuona inahesabiwa kwa ajili gani. Anayeiuza anayo.

Kompyuta zinaingia

Mwaka 1944 IBM ilikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Harvard mashine kubwa ya kukokotoa iliyobuniwa pamoja na Howard Aiken. Lakini mashine za kielektroniki zilipoanza, Watson alikuwa mzee na moyo wake ulikuwa kwenye kadi, zilizompa utajiri. Mwaka 1951 kampuni pinzani ya Remington Rand iliikabidhi ofisi ya sensa ya Marekani kompyuta iitwayo UNIVAC. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuwa mteja wa kwanza mkubwa wa Hollerith, na sasa mashine mpya ilitoka kwa mshindani.

Aliyeisukuma IBM kuingia katika kompyuta ni mwanawe, Thomas Watson mdogo, aliyekuwa rubani wakati wa vita. Aliajiri wahandisi wengi wa elektroniki, na kompyuta ya IBM 701 ilitangazwa mwaka 1952. Baba na mwana waligombana mara nyingi. Januari 1956 mwana alisaini makubaliano na serikali kumaliza kesi mpya ya ukiritimba, jambo ambalo baba hakulipenda. Mei mwaka huo baba alimkabidhi uongozi wote. Alifariki dunia Juni 19, 1956 akiwa na umri wa miaka 82. Kampuni aliyoikuta na wafanyakazi wapatao 1,300 ilikuwa na zaidi ya 70,000. Hata huku kwetu jina la IBM limefika, na mwaka 2013 kampuni hiyo ilifungua maabara ya utafiti jijini Nairobi.

Somo kwa mzazi na kijana

Tunarudi kwa kijana mwenye cheti. Hatumwambii aige kila alichofanya Watson, maana si kila anayefunga bucha atajenga kampuni kubwa. Lakini yapo mambo anayoweza kuyapima kabla mzazi hajauza ng'ombe wa pili.

La kwanza, ajiulize ni shida ya nani anayoijua vizuri. Kijana aliyekulia dukani anajua jinsi mali inavyopotea bila kuandikwa. Aliyekulia kwenye ushirika anajua ugomvi wa malipo ya pili. Aliyefanya uwakala wa fedha kwa simu anajua hasara ya kukosa salio wakati wateja wamepanga foleni. Ujuzi huo ni mtaji, na mwenye shahada ya kompyuta anaweza asiwe nao.

La pili, aangalie kazi ambayo mahitaji yake yanakua. Watson aliijua mizani vizuri lakini aliiacha. Kutoa nakala na kuchapa barua kunaweza kumlisha kijana leo, ila ajiulize kama wateja wa kazi hiyo wanaongezeka au wanapungua mtaani kwake.

La tatu, kukosa utaalamu kusiwe kisingizio cha kutojifunza. Kabla ya kulipia kozi ndefu, akae miezi michache karibu na mtu anayefanya kazi hiyo, aone inavyofanyika. Fedha ya ada itumike kujaza pengo analolijua.

La nne, ajue thamani ya kazi yake. Dola 60 alizoziacha Watson kila wiki hazikurudi.

Na mzazi naye akumbuke kwamba mashine iliyombadilishia Watson maisha ilikuwa ndani ya bucha iliyofungwa, ikiwa bado ina deni. Kabla ya kumpeleka kijana mjini kutafuta teknolojia, mwulize kwanza ni hesabu gani ya nyumbani, shambani au dukani ambayo hamjawahi kuifunga sawasawa, kisha mpe daftari hilo aanze nalo.